Nyimbo za Bibi Fanny Crosby na Habari Zake

Wasomaji wengi wazijua kwa moyo nyimbo za Bibi Fanny Crosby wa Marekani, na habari za maisha yake wazijua zaidi. Alizaliwa katika jimbo la New York mwaka 1820, na alipokuwa mtoto wa majuma sita akapatwa na ugonjwa wa macho, akawa kipofu. Mwaka 1835 akaingia chuo cha vipofu mjini New York, na baadaye akafundisha papo hapo. Akafa mwaka 1915, ameacha nyimbo zaidi ya 8,000. Lakini nauliza: je, twazipima nyimbo zake, au twauhurumia upofu wake?

Naona wengi wetu tumeshika hilo la pili. Mtu atungaye nyimbo 8,000 hawezi kuzitafakari zote. Wachapaji Biglow na Main walimtaka nyimbo tatu kila juma, kwa ujira wa dola moja au mbili kila wimbo. Wakazitoa nyingi kwa majina ya kubuni, watu wasione kwamba kitabu chote kimejaa kazi ya mtu mmoja. Ndiyo maana msalaba, chemchemi na mwamba hurudi tena na tena, wala mara nyingine havina kazi ila kujaza mstari.

Hata hivyo liko jambo aliloliweza kuliko wenziwe. Mara nyingi sauti ilitangulia, maneno yakafuata. Mwaka 1868 Bwana William Doane, mwenye kiwanda huko Cincinnati, alimjia na sauti mpya, naye ana haraka ya gari la moshi. Saa moja haikutimia, maneno yakawa tayari. Mwaka 1873 rafiki yake, Bibi Phoebe Knapp, alimpigia sauti aliyoitunga, akamwuliza yasema nini. Akajibu mara moja. Yeye alisikiliza kwanza, kwa hiyo kila silabi imekaa mahali pake.

Na hapo ndipo penye taabu yetu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini sauti zile zilikatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Mfasiri asipoangalia, neno «Bwana» hukazwa mwishoni, nasi twaliimba kama wageni wa lugha yetu. Lawama hiyo si ya Bibi Crosby.

Mchungaji Robert Lowry, aliyetunga mwaka 1864 wimbo wa kukutana mtoni, alikuwa mkali juu ya kazi yake mwenyewe. Alisema ule ni muziki wa bendi, una mwendo wa askari, ndiyo sababu watu waupenda. Yeye hakuuthamini sana. Mimi sikubaliani naye. Kiitikio chake hata asiyejua kusoma hukishika mara ya pili, na nyimbo za namna hii zilianza kwa watoto wa shule za Jumapili, ambao wengi wao hawakuwa na kitabu mkononi.