Kukosoa Bila Rungu

Mwalimu akikosoa insha ya mwanafunzi, mkononi ana alama. Mhariri akikosoa muswada, ana uwezo wa kuukataa. Mhakiki wa gazeti ana safu yake na wasomaji wanaomwamini. Lakini wako wasomaji wasio na kimojawapo kati ya hivyo, na bado hukesha wakipitia hadithi ya mtu ambaye hawajawahi kumwona, mstari kwa mstari, kisha wakamrudishia pamoja na maelezo ambayo pengine ni marefu kuliko sura yenyewe. Hawalipwi. Mara nyingi hata majina yao halisi hayajulikani. Mwandishi akiamua kuyatupa maelezo yao yote, hawana la kumfanya. Hao ni wasomaji wa kwanza wa hadithi za mashabiki, na naamini kwamba kwao kazi ya kukosoa imetakata kuliko kwingi kunakosifiwa. Asiye na rungu hana njia ya kusikilizwa ila heshima.

Hadithi za mashabiki hutungwa na wapenzi wa kitabu, filamu au tamthilia ya televisheni, kwa kuwatumia wahusika ambao tayari wapo na kuwapeleka kule ambako mtunzi wao wa awali hakuwafikisha. Mashabiki wa Star Trek walikuwa na jarida lao, Spockanalia, tangu mwaka 1967, tamthilia yenyewe ikiwa bado inaonyeshwa nchini Marekani. Majarida ya aina hiyo yalipigwa taipu, yakadurufiwa na kutumwa kwa posta, na wasomaji walijibu kwa barua. Barua hizo ndizo zilizokuwa ujira wa mwandishi. Baadaye hadithi zilihamia kwenye intaneti: FanFiction.Net ilifunguliwa mwaka 1998, na Archive of Our Own, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ikafungua milango mwaka 2009 na kutunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019. Ujira haukubadilika. Anayeandika hutoa bure, anayesoma huleta maoni yake bure, na baina yao hakuna mkataba wowote zaidi ya kuaminiana.

Kujenga juu ya kazi ya mwingine si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mtunzi wa takhmisi huchukua mistari ya mshairi aliyemtangulia na kuongeza ya kwake mpaka ubeti utimie mitano. Ndivyo ilivyoundwa Takhmisi ya Liyongo inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir. Tena wako watunzi wa tenzi wanaofunga utungo kwa kumwomba msomaji aongeze palipopungua na apunguze palipozidi. Shabiki wa leo anayeandika juu ya hadithi yake kwamba anakaribisha kusahihishwa amesimama katika adabu hiyohiyo, ajue asijue.

Msomaji wa kwanza, ambaye wenyewe humwita beta, huupokea muswada kabla haujatolewa hadharani. Aliye stadi huanza kwa kuuliza: unataka niangalie nini? Yupo mwandishi anayetaka sarufi yake inyooshwe na basi. Yupo anayetaka kujua kama mazungumzo ya wahusika yanafanana na tuliyoyazoea. Yupo ambaye hadithi imemkwama katikati na anatafuta mtu wa kufikiri naye. Kumpa mmoja kilichoombwa na mwingine ni kumjibu mtu asiyekuuliza. Swali hili la mwanzo humweka msomaji upande wa hadithi ambayo mwenzake anataka kuiandika, mbali na ile ambayo yeye mwenyewe angeiandika. Ukosoaji mwingi mbaya ninaoujua umezaliwa na kuchanganya hizo mbili.

Tuchukue mfano. Mwandishi chipukizi ameandika tukio ambamo Spock, yule afisa wa Star Trek anayejulikana kwa kuficha hisia zake, analia mbele ya wenzake wote. Mkosoaji mwenye haraka ataandika kwamba Spock hawezi kulia, na hapo atakuwa amekosea mara mbili. Amekosea adabu, na amekosea ukweli, kwa kuwa katika kipindi cha mwaka 1966 kiitwacho "The Naked Time" Spock alilia. Beta mzuri anakikumbuka kipindi hicho. Atamwambia mwandishi: pale alilia baada ya maradhi kuilegeza nafsi yake, na alijifungia kwanza chumbani peke yake. Katika hadithi yako, ni nini kilichomlegeza? Na kwa nini safari hii hakujificha? Maswali hayo hayamnyang'anyi mwandishi tukio lake. Yanamwonyesha mzigo ambao tukio hilo linapaswa kuubeba. Huenda akarudi nyuma na kuandika kurasa tatu zitakazoyastahilisha machozi hayo, au akagundua kwamba aliyepaswa kulia ni mtu mwingine.

Angalia jinsi ukali wa hoja ulivyobaki palepale. Waswahili husema heshima si utumwa, na mkosoaji mwenye heshima hajipendekezi. Kusifia kila kitu ni kumwacha mtu peke yake na udhaifu wake. Hata sifa ina ufundi: kumwambia mtu kwamba hadithi yake ni nzuri hakumfundishi lolote, bali ukimwambia kwamba ulisimama kusoma pale dada mtu alipokataa kufungua barua, na ukamweleza sababu, umemwonyesha uwezo ambao labda hakujua kama anao. Mwandishi anayejua kinachosimama katika kazi yake hupata nguvu ya kugusa kinachoyumba.

Historia ya mashabiki inatoa onyo moja ambalo kila mkosoaji angefaa kulikumbuka. Mwaka 1973 shabiki wa Star Trek, Paula Smith, alichapisha katika jarida la Menagerie kihadithi kifupi sana cha kejeli, "A Trekkie's Tale". Shujaa wake, Luteni Mary Sue, ana miaka 15 na nusu, ni afisa mdogo kuliko wote, hodari wa kila jambo, anapendwa na kila mtu, na anapokufa wote wanamlilia. Ulikuwa ukosoaji halali wa mazoea yaliyokuwa yamejaa majaridani, na haukumtaja mwandishi yeyote. Lakini jina la Luteni huyo likageuka lebo. Camille Bacon-Smith, katika kitabu chake Enterprising Women cha mwaka 1992, anaeleza jinsi waandishi wanawake walivyofika mahali pa kuogopa kumweka mhusika wa kike katika hadithi zao, kwa hofu ya kubandikwa jina hilo.

Tofauti ya kukosoa na kubandika lebo ni kubwa. Anayekosoa anasema: huyu msichana anashinda kila jaribu kabla sijapata muda wa kumhofia. Mwandishi anajua aanzie wapi. Anayebandika lebo anasema: huyu ni Mary Sue. Mlango umefungwa, na mara nyingi aliyefungiwa nje ni binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajaribu kuandika msichana mwenye nguvu. Jina la ila huokoa muda wa mkosoaji kwa gharama ya mwandishi.

Kupokea nako kuna ufundi wake, na pengine ni mgumu zaidi. Maelezo ya beta yanapofika, mkono hukimbilia kujitetea: hukuelewa, nilimaanisha hivi. Lakini mwandishi hataweza kukaa pembeni ya kila msomaji akimfafanulia. Kama maana haikufika, maandishi ndiyo yanayodaiwa. Anayejua kupokea hushukuru kwanza, huyaacha maelezo yalale, kisha huyarudia na kuyachambua: haya ni makosa ya wazi, nayasahihisha, haya ni ladha ya msomaji wangu, nayaheshimu na kuyaacha, haya yananiuma, basi yanahitaji kusomwa tena. Kukataa ushauri ni haki yake, mradi akatae baada ya kuusikia.

Mashabiki wana desturi inayonivutia hapa. Katika dokezo lake, mwandishi humshukuru beta kwa jina lake la uandishi, kisha huongeza kwamba makosa yaliyobaki ni yake mwenyewe. Msaidizi anashiriki katika uzuri wa kazi bila kubebeshwa lawama yake, na mamlaka ya mwisho yanabaki kwa mwenye hadithi.

Yapo mabishano ya kweli juu ya hadithi ikishatolewa. Wengine wanasema aliyetoa hadharani amejitolea kukosolewa. Wengine wanajibu kwamba zawadi haikosolewi bila mwenyewe kuomba. Mimi nawaunga mkono hao wa pili, kwa sababu msomaji ambaye hakutoa senti wala hakulazimishwa kusoma hana haki aliyodhulumiwa. Wakati huohuo natambua kwamba wako waandishi wanaodumaa kwa kukosa mtu wa kuwaambia ukweli. Dawa yake ni fupi: uliza kama unakaribishwa. Swali hilo halichukui hata dakika, na jibu lake hukupa ruhusa ya kusema mengi.

Matunda ya kukosoa kwa namna hii yameandikwa. Rebecca Black, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008, alimfuatilia msichana aliyehamia Kanada kutoka China na kuanza kuandika hadithi za mashabiki kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa bado anajifunza. Aliwaomba wasomaji radhi kwa makosa yake, nao wakamsahihisha kwa upole huku wakimhimiza aendelee, naye akaendelea. Cecilia Aragon na Katie Davis, katika kitabu chao cha mwaka 2019, wanaeleza jinsi maoni madogo madogo ya wasomaji wengi yanavyojumlika na kuwa malezi kamili ya mwandishi, ambayo hakuna mwalimu mmoja angeweza kuyatoa peke yake.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu kama ufundi, wala si kama tabia njema tu. Tabia njema ingeweza kunyamaza. Ufundi huu unasema, kwa kuchagua mahali, wakati na neno, na unajirithisha: aliyekosolewa kwa heshima leo ndiye atakayeombwa kesho kuusoma muswada wa mgeni, na atauliza swali lilelile aliloulizwa yeye. Waandishi wetu chipukizi wa Kiswahili hawahitaji kusubiri shule wala mchapishaji ili waanze. Wanahitaji wawili wawili wanaoaminiana, muswada mmoja, na ujasiri wa kuambiana kweli bila kudhalilishana.