Marehemu Kwenye Bango

Sisi Wakenya picha ya maandamano tunajua kuisoma. Tangu Juni 25, 2024, hata mtu ambaye hajawahi kukaribia Bunge la Nairobi anajua mpangilio wake: kijana na bendera, moshi wa vitoa machozi, polisi upande wa pili. Huhitaji maelezo. Hatari iko pale pale mbele ya macho yako.

Sasa chukua picha zilizopigwa nje ya Bunge la Uingereza mjini London, Novemba 29, 2024. Siku hiyo wabunge walikuwa wakipigia kura mswada wa Kim Leadbeater, uliotaka mtu mzima wa England au Wales, mwenye ugonjwa usiopona na anayetarajiwa kufa ndani ya miezi sita, aruhusiwe kupewa dawa ya kumaliza maisha yake. Wabunge 330 waliunga mkono, 275 wakapinga. Huko nje, wafuasi wa kikundi cha Dignity in Dying wamevalia rangi ya waridi. Wapinzani wao, wakiwemo watu wenye ulemavu, wana mabango yanayosema mswada ndio uuawe, si wagonjwa. Moshi hakuna. Polisi wamesimama tu. Nyingi ya picha hizi, kusema kweli, ni za mashabiki wa mpira: jezi hii, jezi ile, midomo wazi.

Hapo ndipo ninapogombana nazo. Kura za maoni Uingereza zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wengi wanakubali jambo hili kimsingi. Lakini kukubali kwenyewe kuna vyumba vingi. Yuko anayesema ndiyo kwa saratani, hapana kwa ugonjwa wa kusahau. Yuko anayejiruhusu mwenyewe lakini hawezi kumruhusu mamake. Huyo haji barabarani. Na akija, atabeba bango gani, la kusema "itategemea"? Kamera hupenda mtu aliyekwisha kuamua, kwa hivyo msomaji wa gazeti hubaki akidhani nchi nzima imegawanyika katikati kama chungwa.

Ila kuna kitu kimoja kwenye picha hizo ambacho kimenishika. Wengi wa wale wenye rangi ya waridi wamebeba picha: mume, dada, baba aliyekufa vibaya. Na karibu kila marehemu anatabasamu. Ana nywele, ana mashavu, pengine yuko harusini. Sisi tunaijua picha hiyo vizuri sana! Ndiyo ile ya jalada la kijitabu cha mazishi, ile inayochapishwa kwenye fulana. Familia huchagua siku ambayo mtu wao alipendeza. Lakini mjadala wa London hauhusu siku hiyo. Unahusu wiki za mwisho, na mwili wa wiki hizo hauko kwenye bango. Bango linadai jambo ambalo picha yake inalificha.

Siwalaumu. Shangazi yangu alikufa kwa saratani, na kwenye kijitabu tulimweka na kilemba cha kitenge siku ya harusi ya bintiye. Wiki chache kabla ya hapo, hospitali ilikuwa imeishiwa na mofini na tulikuwa tukimpa tembe za duka la dawa mtaani. Usiku mmoja alituambia, "Mbona mnanishikilia?" Tukajibu kwa kuomba. Kama lilikuwa ombi, hakuna aliyemuuliza, na sheria yetu haiachi mlango: kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga maisha anayemsaidia mwingine kujiua. Lakini ukitaka maoni yangu, shangazi alihitaji mofini kwanza, kabla ya mswada wowote.

Wale wa upande wa pili hawabebi picha za mtu mwingine. Wao wenyewe ndio picha. Mtu kwenye kiti cha magurudumu mbele ya Bunge, akisema sheria hii itafika kwake kesho, hahitaji bango. Shida ni kamera. Mpigapicha aliyesimama humtazama kutoka juu, kama daktari anavyomtazama mgonjwa kitandani, na pale pale anamfanya awe kile anachokataa kuwa. Waliopiga magoti ni wachache, na picha zao ndizo bora.

Yote haya yananirudisha kwa picha ya mwaka 1990 ambayo Therese Frare alimpiga David Kirby, akifa kwa Ukimwi huko Ohio, Marekani, babake akimkumbatia kichwa. Mwaka 1992 Benetton wakaitumia kwenye tangazo lao, na watu wengi wakakasirika. Kirby mwenyewe alikuwa mwanaharakati wa Ukimwi. Alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba Frare asijinufaishe nazo. Hakuna bango pale kitandani, hakuna rangi ya upande wowote. Mwache mtu wa ndiyo aiangalie, kisha mwite mtu wa hapana. Kila mmoja atasema inamuunga mkono, na itabidi waketi wabishane kuhusu mtu yule yule.