Mfanyabiashara au Bepari? Swali Moja kuhusu Tafsiri ya Nyerere

Kila siku wanafunzi wetu hapa Kigali hutuuliza maana ya maneno ya Kiingereza, nasi walimu aghalabu hujibu kwa neno moja la kamusi. "Merchant" ni mfanyabiashara. Kwa Kinyarwanda, umucuruzi. Basi, somo linaendelea.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja hakuridhika. Alikuwa ameshika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969. Akauliza: "Mwalimu, Shakespeare ametaja mfanyabiashara mmoja tu. Hawa mabepari wengi wametoka wapi?"

Wapo wanaodai kwamba Nyerere alikosea. La hasha. Neno bepari lina asili ya lugha za Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na msomaji wa Tanzania wa mwaka 1969 alipolisikia neno hilo alimwona mnyonyaji. Mfasiri alichagua neno lenye sura mbili: ya kale inashikamana na Kiingereza, na mpya inatoa hukumu.

Hata hivyo, uteuzi huo una gharama yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaousifu bila kuupima. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni Antonio. Yeye hukopesha bila riba, na anaingia hatarini kwa kumdhamini rafiki yake Bassanio. Shylock ndiye mtoza riba, naye anadai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio endapo deni la dukati 3,000 halitalipwa kwa wakati. Wasomaji wengi hudhani kwamba jina la tamthilia linamhusu Shylock, na kosa hilo lenyewe lina funzo, kwani humlazimu mtu arudi kuuliza tofauti ya wawili hawa ni ipi. Wingi wa Kiswahili umewatia wote katika zizi moja kabla pazia halijafunguliwa. Tumepata hoja kali, ila tumepoteza swali.

Ndugu walimu, nchi yetu ilianza kufundisha kwa Kiingereza baada ya uamuzi wa mwaka 2008, na Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017. Vijana wetu watatafsiri maisha yao yote, sokoni, mahakamani na ofisini. Tukiwazoesha kwamba kila neno lina jibu moja, tutawafanya makarani wa kamusi.

Napendekeza zoezi jepesi. Andikeni ubaoni umucuruzi, mfanyabiashara na bepari. Waulizeni wanafunzi: kila neno linamsifu nani, na linamshtaki nani? Kisha wasome tamthilia na wachague jina lake wenyewe. Yule mwanafunzi wangu alichagua "Mdhamini wa Venisi". Sikubaliani naye, lakini alinitetea hoja yake kwa dakika kumi, na kitabu kikiwa wazi mkononi.