Ukitafuta 'ziwa' ukaletewa maziwa

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini akiwa amekata tamaa. Anaandika tasnifu kuhusu msamiati wa uvuvi katika ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Dunga hadi Usenge, na alitaka kujua ni lini waandishi wa Kiswahili walianza kulitumia neno 'omena' bila kulifafanua kwa msomaji. Alikuwa ameshinda siku tatu katika hifadhi moja ya kidijitali ya magazeti na barua za zamani.

"Prof, nimesaka mpaka macho yakauma. Hakuna kitu huko."

Nikamwuliza alikuwa amesaka nini.

"Omena."

Na nini tena?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Si ni hiyo tu?"

Hapo ndipo shida ilipo, na si yake peke yake. Samaki huyo mdogo tunayemwita omena huku Kisumu ni dagaa kule Mwanza na mukene kule Uganda. Mbuta wetu ni sangara wa Watanzania, na ngege ni sato. Mwandishi wa habari aliyesomea pwani akatumwa Kisumu angeandika 'dagaa' bila hata kufikiri. Kwa hiyo anayesaka jina moja anasaka theluthi moja ya ziwa, halafu anahitimisha kwamba ziwa zima halina samaki.

Lakini sitaki kumlaumu binti huyu kupita kiasi. Niliketi naye tukaijaribu ile programu ya kusakia pamoja, na lawama yangu ikahamia kwingine. Tuliandika 'ziwa'. Kuna njia mbili za kusaka. Ya kwanza huleta neno zima tu. Ukiichagua, 'ziwani' hupotea, na huku kwetu mambo mengi hutokea ziwani. Ya pili huleta kila mahali herufi hizo zilipofuatana. Tukaichagua hiyo. Tukaletewa bei ya maziwa, wafugaji wa maziwa, uhaba wa maziwa, na hata mzee mmoja aliyelalamika kwamba 'aliuziwa' shamba lenye mgogoro. Tulicheka, lakini siku tatu za mwanafunzi si jambo la kuchekesha.

Chukua mfano mwingine, kitenzi 'andika'. Anayetafuta barua zinazozungumzia uandishi atahitaji aliandika, tuliandikiana, yaliyoandikwa, mwandishi, maandishi. Akisaka neno zima 'andika' hatapata hata moja kati ya hayo. Akisaka sehemu ya neno, ataletewa 'bandika', 'tandika', na soko la Tandika kule Dar es Salaam. Akipunguza herufi hadi 'andik', wanaingia waliopandikizwa figo, na bado 'mwandishi' yuko nje kwa kuwa k yake imegeuka kuwa sh.

Waliounda programu hizi, nionavyo mimi, walikuwa na Kiingereza akilini. Katika Kiingereza neno hurefuka zaidi kwa nyuma. Ndiyo maana programu hiyo inakuruhusu kuweka kinyota mwisho wa neno ili ikuletee miendelezo yake yote, lakini ukikiweka mwanzoni inakukatalia. Kiswahili hurefuka mbele na nyuma, na mzigo mzito huwa mbele: nafsi, wakati, urejeshi, mtendwa. Kutunyima kinyota cha mbele ni sawa na kumpa mvuvi wavu usio na upande mmoja. Na kwa kuwa nimetaja wavu, huyo naye ukimsaka kwa umoja hutampata kwa wingi, maana 'wavu' na 'nyavu', kama 'waraka' na 'nyaraka', huanza kwa herufi tofauti kabisa.

Kuna jambo dogo linaloniudhi kuliko yote. Ile ng' yetu. Katika hifadhi hiyo nimeikuta alama yake ikiwa imepigwa kwa namna tatu: mkato ulionyooka, mkato uliopinda, na mahali pengine haimo kabisa. Kwa jicho la msomaji ni neno lile lile, ila kwa kompyuta hayo ni maneno matatu. Hebu fikiria mtu anayetafuta Nyang'oma Kogelo, au jina la babu yake lenye ng' mbili. Si ajabu aambiwe babu huyo hakuwahi kuandika wala kuandikiwa.

Majina ya mahali nayo yana ukaidi wake. Reli ilipofika ufuoni mwaka wa 1901, wenye reli walipaita Port Florence. Hadi mwaka wa 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, kwa hiyo barua za kiserikali za miaka hiyo kuhusu Kisumu zilielekea Entebbe. Ghuba tunayoiita Winam iliitwa Kavirondo, na watu wake vilevile. Chama cha vijana cha mwaka wa 1921 kiliitwa Young Kavirondo Association. Anayesaka 'Siaya' katika barua za mwaka wa 1935 atapata kidogo sana, kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa chini ya wilaya ya Central Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa Central Nyanza. Mafaili ya mkuu wa mkoa yenyewe yako Nairobi chini ya alama PC/NZA, na aghalabu vichwa vyake ni vya Kiingereza hata pale ambapo barua iliyomo ndani ni ya Kiswahili. Barua kama hiyo imehifadhiwa, naam, lakini imehifadhiwa isionekane.

Hata jina la mahali pa kutafutia hatujakubaliana. Kenya tuna Makavazi ya Kitaifa, na wengine hutumia neno hilo hilo kwa jumba la makumbusho. Dar es Salaam wana Kavazi la Mwalimu Nyerere, huku idara ya serikali ikiitwa ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mimi napendelea 'kavazi' kwa nyaraka na 'makumbusho' kwa vitu vya kutazamwa. Tuliwahi kulijadili suala hili na wenzangu kwa barua pepe, tena kwa hoja nzito. Juzi nilizitafuta barua hizo mchana kutwa. Nilizipata chini ya kichwa 'Salamu'. Kwa hiyo wanaisimu nasi tusijitie usafi.

Tulipomaliza tulitengeneza orodha ya maneno ya kusaka kwa mkono, ukurasa mzima: majina ya samaki kwa lugha zote za ziwani, umoja na wingi, mahali kwa majina ya zamani, ng' kwa namna zake tatu. Nimewaandikia wenye hifadhi hiyo nikiomba kinyota cha mbele na alama moja ya ng'. Hawajajibu. Mwanafunzi naye amekwisha kupata 'dagaa' wengi wa Kisumu. Bado anatafuta omena.