Kalulu Hakupigwa Picha Tabora

Kwenye maonyesho ya picha za kale yaliyopita shuleni kwetu, picha iliyojaza watu ilikuwa ya Stanley na Kalulu. Mzungu kavaa nguo za safari, mtoto mweusi yuko naye na bunduki. Wanafunzi wakasukumana: eti hii ndiyo Tabora ya zamani!

Siyo, jamani. Picha ile ilipigwa London mwaka 1872, katika studio ya London Stereoscopic Company. Lile pori ni pazia lililochorwa. Ilikuwa biashara, mwaka huohuo kitabu cha Stanley kilitoka.

Chini yake waandaaji waliandika “Stanley na mtumishi wake”, basi. Maneno matano kasoro moja, na ndani yake mtoto mzima kapotea! Maana maelezo ya picha nayo ni fasihi, na yanahitaji mhakiki. Mtoto huyo alitolewa zawadi kwa Stanley na mfanyabiashara Mwarabu hapahapa Unyanyembe, mwaka 1871. Jina lake, kwa maandishi ya Stanley, lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda, akawataka watu wake watafute jingine. Ulimengo ndiye aliyetoa “Kalulu”. Akabadilishwa jina, akavishwa, akapigwa picha, mwaka 1873 akatungiwa hata riwaya. Mwaka 1877 akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, angali kijana mdogo. Yeye mwenyewe alisema nini? Hatuna.

Kosa jingine: kila aliyebeba mzigo kichwani kaitwa mtumwa. Watumwa walipita njia hii, tena wengi, na hilo halifichwi. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, wakibeba pembe hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa. Ukiwachanganya wote, unawaonea wa aina zote mbili.

Kilichoniridhisha ni kazi za pembeni. Wanafunzi walipelekwa Kwihara, kwenye lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo leo ni makumbusho. Njiani mzee mmoja akawaonyesha miembe, akisema iliota kwa kokwa za watu wa misafara. (Hakuna aliyempiga picha mzee!) Kisha mwalimu akafunika maelezo yote kwa karatasi, akawaambia waandike yao. Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika chini ya Kalulu: “Bunduki si yangu. Jina pia.”

Hiyo karatasi ndiyo ningeibandika ukutani, ile ya zamani nikaiacha chini yake.