Kupanga Kozi Kutoka Mwisho

Mtu anayeijua kazi ya kumpangia mwanafunzi masomo ya shahada ya hisabati haanzi na mwaka wa kwanza. Huchukua karatasi, akaigawa mafungu sita, semista mbili kwa kila mwaka wa miaka mitatu, halafu kalamu yake ikaenda moja kwa moja kwenye fungu la sita. Humuuliza mwanafunzi: ukifika huku, unataka uwe unasoma nini? Wengi hukosa jibu. Wametoka kidato cha sita juzi, na wanachojua ni kwamba hesabu zilikuwa haziwasumbui. Basi mpangaji huwasomea majina ya kozi za mwaka wa tatu, akaeleza kwa maneno ya kawaida kila moja inahusu nini, mpaka mwanafunzi akaomba arudie jina fulani. Hapo ndipo kazi inapoanza, nayo hurudi nyuma.

Kazi hii naiheshimu sana, pengine kwa sababu haina sifa. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Sijasikia aliyepandishwa kwa kuwa wanafunzi wake walisoma kozi kwa mpangilio mzuri. Hata mwanafunzi aliyepangiwa vizuri hajui kwamba kuna mtu alihangaika kwa ajili yake. Yeye huona tu kwamba masomo yalikuwa magumu, lakini yalikuwa yanapitika.

Yupo mhadhiri mmoja, mama wa makamo, ambaye nimemwona akiifanya kazi hii ofisini kwake Dar es Salaam. Siku moja aliingia kijana aliyetoka kwenye mchepuo wa EGM: uchumi, jiografia na hisabati.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeandika hapa unataka hisabati ya fedha.”

“Ndiyo, Dokta. Nataka kufanya kazi benki. Ila milinganyo tofautishi naomba niiruke. Nasikia watu wengi wanapata sapu.”

Hakubishana naye kuhusu sapu, ile mitihani ya marudio. Aligeuza karatasi, akaandika mlinganyo ambao Fischer Black na Myron Scholes waliuchapisha mwaka 1973, ule unaotumika kukadiria bei ya haki ya kununua hisa siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. “Hii ndiyo kozi unayoitaka,” alisema. “Hebu niambie, hiki ni kitu gani?” Kijana aliutazama kwa muda. Ulikuwa mlinganyo tofautishi. Tena ukibadilisha vigezo vyake kwa ustadi kidogo, hugeuka kuwa ule ule mlinganyo wa joto ambao Joseph Fourier aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1822, alipochunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya kitu kigumu. Mtu wa benki na mtu wa chuma cha moto wanakaa darasa moja.

Kutoka hapo mama yule alianza kuchora mishale, na mishale yote ilielekea nyuma. Hisabati ya fedha inadai milinganyo tofautishi yenye vigezo vingi. Hiyo inadai milinganyo tofautishi ya kawaida, ambayo nayo ikifika kwenye mifumo ya milinganyo kadhaa kwa pamoja inadai aljebra ya matriki. Upande wa pili, bei ya hisa haitabiriki, kwa hiyo panahitajika nadharia ya uwezekano. Uwezekano wa vitu viwili vinavyobadilika pamoja hauhesabiki bila intigrali za vigezo viwili, na hizo ziko kwenye kalkulasi ya vigezo vingi. Kalkulasi hiyo nayo, ukitaka kuielewa badala ya kuikariri, inaegemea matriki tena, kwa sababu kasi ya mabadiliko ya kitu chenye vigezo vingi si namba moja, ni jedwali zima la namba.

Mishale miwili ikawa imegota mahali pamoja. Aljebra ya matriki, ambayo mwanafunzi yule alikuwa ameitupa semista ya nne kwa kuwa jina lake halikumvutia, ilirudishwa mwaka wa kwanza. Hili nimeliona likitokea karibu kwa kila mwanafunzi, awe anaelekea fedha, takwimu, fizikia au kompyuta. Kama kuna kozi moja inayofungua milango mingi kuliko nyingine, ni hii, na ajabu ni kwamba wanafunzi huiona kama kazi ya kuzidisha majedwali tu. Mpangaji mzuri huiweka mapema, halafu akairudia baadaye kwa sura yake ya pili, ile ya nafasi za vekta na uthibitisho.

Kwenye uthibitisho ndiko ustadi wenyewe uliko. Kitabu cha mwongozo cha chuo huorodhesha masharti: ili usome kozi hii, uwe umefaulu ile. Masharti hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Topolojia, kwa mfano, kwa maandishi inahitaji kidogo sana. Ukijua seti na vitendo vyake unaweza kuzifungua kurasa zake za mwanzo. Lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kupambana na vikomo vya mifuatano ya namba ataziona fasili zake kama amri zisizo na sababu. Atazikariri, atafaulu, na hatakuwa na kitu.

Kwa hiyo mama yule ana kipimo chake. Humpa mwanafunzi karatasi na kumwambia athibitishe kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Hasahihishi kwa alama. Anatazama mwanafunzi anaanzia wapi, kama anajua kudhani kinyume na kukifuata mpaka kijipinge chenyewe, kama anaandika sentensi au anamwaga alama tupu. Karatasi hiyo humwambia mambo ambayo matokeo ya Baraza la Mitihani hayamwambii, maana mtihani wa kidato cha sita kwa sehemu kubwa hupima ukokotoaji, na mwanafunzi mwenye A anaweza kuwa hajawahi kuthibitisha kitu isipokuwa kwa indaksheni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi uthibitisho usiwekwe mwanzo kabisa. Kimantiki ndiko unakostahili kuwa: kwanza jenga namba halisi, kisha vikomo, kisha ndipo uje kwenye kalkulasi. Vitabu vipo vinavyokwenda hivyo. Lakini hisabati yenyewe haikukua hivyo. Newton na Leibniz waliunda kalkulasi katika karne ya 17, na watu wakaitumia kukokotoa njia za sayari bila ya yeyote kueleza ipasavyo namba halisi ni nini. Maelezo hayo yalikuja karibu miaka 200 baadaye, na chanzo chake kimojawapo kilikuwa darasa. Mwaka 1858 Richard Dedekind alikuwa akifundisha kalkulasi kwenye chuo cha ufundi cha Zürich, akajikuta analazimika kuwaonyesha wanafunzi michoro mahali ambapo alipaswa kuwapa hoja. Jambo hilo lilimkera. Akatafuta msingi, akaupata mwaka huo huo, na akauchapisha mwaka 1872.

Mwanafunzi wa leo anahitaji kukerwa hivyo hivyo. Akisoma kalkulasi kwanza, akaitumia, akazoea, kisha mtu akamwonyesha mfululizo ambao ukipanga upya namba zake jumla yake inabadilika, atashtuka. Baada ya mshtuko huo uchambuzi wa namba halisi unakuwa jibu la swali lililoko kichwani mwake. Ukimpa kabla hajashtuka, unampa dawa ya ugonjwa asiougua. Ndiyo maana mpangaji mzuri huiweka kozi hiyo mwaka wa pili: kalkulasi bado mbichi kichwani, na bado kuna muda wa kuitumia kwenye kozi zinazoifuata.

Mpangilio huu si amri ya mbinguni. Cambridge hufundisha nadharia ya makundi katika muhula wa kwanza kabisa wa mwaka wa kwanza, na vyuo vingi vya Marekani humtembeza mwanafunzi semista tatu za kalkulasi kabla ya kumdai uthibitisho wa maana. Wote wana sababu. Cambridge huwachuja wanafunzi kwa mtihani wake mgumu kabla hawajaingia. Kuiga orodha yao ya kozi bila kuwa na wanafunzi wao ni kujitafutia sapu.

Kisha kuna suala la uzito. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mihadhara na semina hadi kujisomea na mitihani. Mwaka una krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360. Semista ya krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki, sawa na mwajiriwa wa ofisini. Kwenye karatasi krediti zote ni sawa. Mama yule hazihesabu hivyo. Saa ya kukokotoa intigrali unaweza kuifanya hata ukiwa umechoka, na mwisho wake utakuwa na ukurasa uliojaa. Saa ya kuthibitisha inaweza kuisha bila mstari mmoja, na ukalala ukiwa huna uhakika kama umefanya kazi au umekaa tu. Kwa hiyo mwaka wa pili haruhusu kozi mbili za uthibitisho mzito zikutane semista moja bila kuwekewa kando kozi ya mikono: programu za kompyuta, takwimu, au ukokotoaji wa kukadiria kwa mashine. Mwanafunzi anahitaji mahali pa kushinda kila wiki, hata padogo.

Hatari nyingine huwa haimo kwenye kitabu cha mwongozo. Kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Chukua mnyororo wa kozi tatu: uchambuzi wa kwanza semista ya tatu, wa pili semista ya nne, topolojia semista ya tano. Mwanafunzi akianguka ya kwanza, na sapu ikamkataa, ataibeba mpaka semista ya tano. Ya pili itaangukia ya sita. Topolojia imekwenda. Kuanguka mara moja mwaka wa pili kumefuta kozi ya mwaka wa tatu, naye haoni hilo mpaka siku ya kujisajili. Mpangaji huliona mapema, na pembeni ya kila mnyororo mrefu huandika kwa penseli mlango wa pili: nadharia ya namba, au nadharia ya michezo, kozi zinazoshikiliwa na kamba chache na bado ni hisabati ya kweli. Penseli ile nimeipenda kuliko mishale yote ya wino. Inakubali kwamba watu huumwa, mikopo huchelewa, na misiba hutokea wiki ya mitihani, na haimwambii mwanafunzi kwamba anatarajiwa kuanguka.

Ratiba ngumu kuliko zote ni ya wale wa ualimu. Wanasoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na kozi za elimu, likizo ndefu wanakwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha, na hisabati inabakiwa na nafasi chache. Wengi huwajazia nafasi hizo kwa kalkulasi zaidi. Mama yule huwapa aljebra dhahania na nadharia ya namba, na ana sababu ninayoiona nzito. Siku moja mtoto wa kidato cha kwanza atauliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Mwalimu asiyesoma aljebra hiyo atajibu kwamba ndivyo kanuni ilivyo. Aliyeisoma ataandika ubaoni kwamba hasi moja ukiizidisha na jumla ya moja na hasi moja lazima upate sifuri, kisha atafungua mabano na kumwacha mtoto aone mwenyewe. Mistari mitatu inatosha. Milinganyo ya joto haimsaidii mtoto huyo chochote.

Mwisho wa kikao kijana wa EGM aliondoka na milinganyo tofautishi semista ya tatu, kitu alichoomba aepushwe nacho. Lakini kwa kuwa hakusoma fizikia kidato cha sita, na mifano ya springi na pendulumu ingemtesa bila sababu, alishauriwa achukue semista hiyo hiyo kozi ya hisabati ya riba na bima. Fedha inayokua kwa riba mfululizo ni mlinganyo tofautishi ulio mwepesi kuliko yote; ataukuta upande mmoja na kuutambua upande wa pili. Na fungu la sita liliachwa na nafasi tupu moja. Alipouliza ijazwe nini, aliambiwa aiache, maana akifika huko atakuwa amekutana na jambo ambalo leo halijui hata kwa jina.

Idara zetu zinaweza kumrahisishia kazi mtu wa namna hii kwa jambo dogo lisilo na gharama. Kozi za hiari hutegemea nani yupo, na mhadhiri akienda masomoni, kozi yake hulala bila tangazo na mipango ya wanafunzi ikalala nayo. Chapisheni ukurasa mmoja kila Oktoba, uonyeshe kwa miaka miwili ijayo ni kozi gani ya hiari itafundishwa, semista ipi, na ipi haitakuwepo.