Chagua, Safisha, Unganisha

Chuo Kikuu cha Toronto hakisifiwi vya kutosha kwa jambo moja. Wanafunzi wake wawili wa fizikia ya uhandisi, Alfred Aho aliyehitimu mwaka 1963 na Brian Kernighan, mzaliwa wa jiji hilo, aliyehitimu mwaka uliofuata, ndio waliokuja kutupunguzia adha ya kuunganisha mafaili kwa mkono. Mwaka 1977, wakiwa Bell Labs huko New Jersey pamoja na Peter Weinberger, walitunga awk, lugha ndogo ya programu yenye herufi za kwanza za majina yao ya ukoo.

Tuseme una orodha za maneno ya Kiswahili kutoka kwa watu sita. Mwenye haraka huyamwaga mafaili yote pamoja, ndipo aanze kuchambua. Nani huchambua mchele ukiwa tayari chunguni? Kwanza chagua, rasimu za zamani zibaki nje. Kisha safisha, na hapo ndipo penye kazi. Huyu kaandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, yule ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, aliyowekewa na programu yake bila kuulizwa. Wewe unaona neno moja. Kompyuta inaona mawili. Faili lililotoka kwenye Windows nalo huficha alama mwishoni mwa kila mstari, hata maji ya huku yasilingane na maji ya kule. (Ritifaa iliyonyooka ndiyo pia inayofungua na kufunga amri ya awk, kwa hiyo ukiiandika katikati, amri inakatika. Programu yako iweke kwenye faili lake, upumue.)

Kuunganisha kwenyewe ni mstari mmoja:

awk '!ona[$0]++' safi/*.txt > orodha.txt

Kila mstari una hesabu yake ndani ya ona. Ukipita mara ya kwanza, hesabu ni sifuri, unachapwa; ukirudi, unaachwa. Mpangilio hauvurugwi. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu: mtu wa saba akileta orodha yake, unaendesha skripti ileile, na asiyekubaliana na uamuzi wako anausoma humo na kukupinga.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 80, Kernighan alikuwa bado anaishughulikia awk, akiiongezea uwezo wa kusoma Unicode. Ritifaa iliyopinda, ambayo awk yao ya zamani iliihesabu kuwa herufi tatu, sasa inahesabiwa moja.